Likasi: ufundi ni wa nani?



Kila tunapoomba vyombo vya atelie ya masomo ya ufundi, kuna anayeuliza: juu ya nini vyuma, na watu wanalia njaa? Jibu liko katika historia ya mji wetu.

Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli ilipofika Port-Francqui, leo Ilebo, mwaka 1928, njia ya Kasai ilifunguka, na familia mingi zilishuka huku kutafuta kazi. Mji uliitwa Jadotville. Vijana wa makambi walifundishwa ufundi, lakini kwa kipimo cha kampuni: kampuni ikihitaji mafundi wa chuma, walifundishwa chuma. Kijiji kilitoa mikono na chakula. Masomo ya ufundi yalibaki karibu na kiwanda.

Mwaka 1967 serikali ilitwaa migodi, na Gécamines ikaendelea hivyo hivyo. Kisha mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na uzalishaji wa shaba ukaanguka. Agosti 1992 wenzetu wenye asili ya Kasai wakaanza kufukuzwa Likasi. Maelfu walilala gare, miezi na miezi, wakingoja treni ya kuwarudisha kwa reli ile ile iliyowaleta wazee wao. Nyumba zilibaki, vyombo vilibaki. Kilichopanda treni ni kile tu ambacho mikono ilijua.

Hata waliobaki hawakupona. Kuanzia 2003, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa departs volontaires. Aliyejua kazi ya mashine moja ya kampuni alikosa pa kuanzia. Aliyejua kuchomelea, kushona ao kutengeneza moteri, alifungua kazi yake chini ya mwembe.

Leo siye tunaotembelea vijiji tunaona shida ingine. Tangu 2019 masomo ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini sekondari ya ufundi mzazi angali analipa. Na mwanafunzi anaweza kufika Exetat akiwa amechora mashine ubaoni mara mingi, bila kuigusa hata siku moja. Diploma iko, mikono haijui.

Kijiji kinahitaji mtu wa kutengeneza pompe ya maji, mashini ya kusagia mahindi, baiskeli. Ndiyo maana tunaomba vyombo. Mtu aliyekwisha kufukuzwa mara moja anajua: kazi iliyo mikononi, hakuna anayeweza kuibakiza gare.