Kelele ya grupu nyumbani: namna ya kuipunguza bila kuleta kifo

Umeme ukikatika usiku, grupu ndogo ya esansi inawashwa na mtaa wote unaisikia. Juu ya kuepuka ugomvi na majirani, ao kuogopa wezi, wengine wanaifungia jikoni ao kwenye baraza. Hapo njo hatari. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini, hata dirisha likiwa wazi.

Kelele inapunguzwa nje, kwa vitu vya bei ndogo:

- Umbali: weka grupu metre 6 ao zaidi kutoka milango na madirisha, yenu na ya jirani. Tuyo ya moshi iangalie mahali pa wazi.
- Mpira: usiiweke juu ya sakafu ya mbao, maana mbao zinatetemeka na kuongeza kelele. Iweke chini, juu ya vipande vya mpira wa gari uliozeeka.
- Ukuta: panga matofali, mawe ao mifuko ya mchanga kati ya grupu na nyumba, kupita urefu wa mashine. Pande zingine na juu ziache wazi. Usiifunike nguo ao godoro, inaweza kuwaka moto.
- Fundi: akaze nati zilizolegea, abadilishe kizuia sauti kilichotoboka.

Kelele itakayobaki, patana na jirani saa ya kuzima.

Grupu ikiwaka na watu wakaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu ao kichefuchefu, tokeni wote nje kwanza, kisha kimbieni hospitali.