Mbuzi wa Ituika

Kiuu ni mojawapo ya wadi nane za eneobunge la Ruiru, kaunti ya Kiambu, lakini ukitaja jina hilo Nairobi wengi watakuuliza ni wapi. Sema Githurai 45, nao watakuelekeza hadi mlangoni. Namba ya njia ya basi imelishinda jina la wadi, na ng'ambo, upande wa Nairobi, iko Githurai 44, mtaa mwingine uliobatizwa na basi. Hapa siasa haisubiri msimu wa kura. Inazungumzwa ndani ya matatu iliyokwama Thika Road, kinyozini, na kando ya reli ambako mama mwenye mafungu ya nyanya anaweza kukutajia bei ya mafuta ya mwezi uliopita na jina la aliyeipandisha. Kwa hiyo sikubaliani na kilio kilichozagaa tangu maandamano ya vijana ya Juni 2024, kwamba vijana na wazee wa Kenya wameacha kuzungumza habari za nchi. Wanazungumza sana. Kilichopotea ni sharti lililoyafanya mazungumzo hayo yawe na maana: kwamba itafika siku anayesikiliza atapokea na anayesema ataachilia. Sharti hilo lilikuwapo Kiambu, likiwa na jina, bei na majira yake, na kupotea kwake kunaweza kuonyeshwa kwa miaka.

Jina lake ni ituika. Wagikuyu walikuwa na marika, yaani watu waliotahiriwa msimu mmoja, lakini juu ya marika palikuwa na vizazi viwili vilivyopokezana utawala: Mwangi na Maina, ambacho wengine hukiita Irungu. Mtoto hakuwa wa kizazi cha baba yake. Alikuwa wa upande wa babu. Jambo hili linafaa kutazamwa vizuri, maana liliufanya mgogoro wa baba na mwana kuwa jambo la kawaida, likamwekea mwana shahidi ndani ya nyumba ileile. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938, Facing Mount Kenya, anaeleza kwamba utawala ulibadilishwa kila baada ya miaka 30 hadi 40, na kwamba ituika ya mwisho ilifanyika kati ya 1890 na 1898 hivi. Sherehe zenyewe hazikuwa za siku moja. Zilichukua miaka, na kizazi kilichokuwa kinaingia kilitoa mbuzi kwa kile kilichokuwa kinatoka. Mzee alijua ataondoka, na alijua atalipwa. Kijana alijua ataingia, na alijua haingii bure. Katikati ya hayo mawili ndipo maneno yalipofanya kazi: wanaoondoka walikuwa na sababu ya kufundisha, na wanaoingia walikuwa na sababu ya kusikiliza.

Ituika iliyofuata ilikuwa ifanyike, kwa maelezo yaleyale ya Kenyatta, kati ya 1925 na 1928. Michango ilianza, kisha serikali ya kikoloni ikapiga marufuku shughuli hiyo kwa kuiona kuwa uchochezi. Kwa macho ya mkoloni haikuwa hofu ya kipuuzi: watu wanaokusanya mbuzi ili kubadilisha watawala, na wewe mtawala humo katika hesabu yao! Mahali pake palikuwa tayari pamewekwa kitu kingine, baraza la chifu. Neno ni zuri na la kale, lakini kitu chenyewe kilikuwa kipya: mtu mmoja aliyeteuliwa na DC, mkuu wa wilaya, anasimama, wengine wanakaa chini na kuambiwa kodi imepanda. Hapakuwa na zamu. Chifu aliondoka alipofukuzwa na aliyemteua, si kwa sababu kizazi chake kimefika mwisho. Nchi yenyewe ya Ruiru, iliyokuwa mpakani mwa mashamba ya Wagikuyu na malisho ya Wamaasai, ilikuwa imekatwa vipande na kupewa walowezi wa kahawa na mkonge. (Hadi leo wadi jirani zinaitwa Kahawa Sukari na Kahawa Wendani, na mbuni wenyewe utautafuta kwa tochi.) Mfanyakazi wa mashamba hayo alivaa shingoni kipande chake, kitambulisho cha lazima cha mkoloni, kimefungiwa katika kikebe cha bati. Huyo hakuwa na kiama, baraza la wazee wa Kigikuyu, cha kumpelekea neno.

Tangu hapo, kila kizazi kimelazimika kujitwalia kusikilizwa, na huwa kinafanya hivyo kwa suala lilelile: kodi na mshahara. Harry Thuku alizaliwa Kambui, Kiambu, mwaka 1895, na mwaka 1921, akiwa karani wa simu wa serikali, alianzisha chama cha vijana kupinga kipande, kodi ya nyumba na mpango wa kupunguza mishahara kwa thuluthi. Machifu wa Kiambu nao walikuwa na chama chao, na malalamiko yao hayakuwa mbali na ya vijana. Tofauti ilikuwa juu ya nani ana haki ya kuyasema. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi, na wanaume walipoanza kuyumba, Mary Muthoni Nyanjiru alipandisha nguo zake, akawadhihaki kwa kuwataka wampe yeye suruali zao. Risasi zilipigwa, naye akawa miongoni mwa waliokufa, zaidi ya watu 20. Lakini mfuate Thuku mbele kidogo. Alirudi kutoka uhamishoni, akawa mkulima wa kahawa mwenye heshima zake, na Hali ya Dharura ilipotangazwa alisimama dhidi ya Mau Mau. Kijana wa 1922 alikuwa mzee wa 1952. Wengi humhukumu kama msaliti. Kwangu ni ushahidi wa kile kinachompata mtu asiyekuwa na siku ya kukabidhi. Hapakuwa na sherehe ya kumtoa ulingoni kwa heshima, basi akabaki humo akipigana na watoto wake.

Rika lenyewe halikufa, na hapa mambo yanakuwa matamu. Mbiyu Koinange alipofungua chuo cha walimu cha Githunguri mwaka 1939, fedha zilichangishwa kwa marika, kila rika likishindana na jingine. Ni mbuzi wa ituika waliogeuka shilingi na matofali. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, waliotahiriwa mwaka 1940 wakawa Nairobi wanatafuta kazi na vyumba, nao wakajiita Anake a Forty, vijana wa Arobaini: jina la rika la kijijini likawa jina la kundi la siasa mjini. Mwaka 1951 Fred Kubai na Bildad Kaggia, watu wa vyama vya wafanyakazi, walitwaa uongozi wa tawi la Nairobi la chama cha KAU. Tarehe 24 Agosti 1952 Kenyatta, kiongozi wa KAU, aliilaani Mau Mau mbele ya umati mkubwa mjini Kiambu. Kwa simulizi ya Kaggia na Kubai, kamati kuu ya siri ya Mau Mau ilimwita Kiburi House, nyumba ya Waafrika katikati ya Nairobi, ikamwambia aache mikutano ya namna hiyo. Naye alishangaa kuwaona hao wawili wameketi upande wa pili wa meza. Kaggia alikuwa na umri wa miaka 31 hivi. Kenyatta alikuwa mtu wa makamo yaliyokwisha kupita, na zaidi ya hayo ndiye aliyeandika habari za ituika. Nadhani hakuna aliyeuelewa mkutano ule kumzidi. Chini ya miezi miwili baadaye walikamatwa pamoja, na Kapenguria wakahukumiwa pamoja.

Uhuru ulipokuja, Kenyatta hakuirudisha zamu aliyoisifu kitabuni. Umri wa kupiga kura ulishushwa kutoka 21 hadi 18 mwaka 1974, lakini kijana alipewa kura huku akiambiwa yeye ni kiongozi wa kesho, na kesho ile haikutajwa tarehe. Githurai ya leo ilizaliwa wakati huo. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa na kampuni za wenye hisa, watu wakapigia ploti kura, na kwa wengi mkutano wa wenye hisa ukawa shule ya kwanza ya siasa: mwenyekiti asiyetoka, daftari lisiloonekana, hatimiliki inayosubiriwa miaka nenda miaka rudi. Aliyenunua hisa akajenga vyumba vya kupangisha, kisha ghorofa. Ndipo tofauti ya vizazi Kiuu ilipopata sura ya pekee: mzee mara nyingi ni mwenye ploti, kijana ni mpangaji. Wanaobishana juu ya serikali wanadaiana kodi ya nyumba. Enzi za Rais Moi nazo zikaongeza vijana wa chama tawala, KANU, kwenye vituo vya matatu, vijana waliofanywa fimbo ya wazee dhidi ya vijana wenzao, na mkutano wowote ukahitaji leseni. Siasa ikahamia kwenye kaseti. Katikati ya 1990 nyimbo za Kigikuyu zilizomtaja mwanasiasa Kenneth Matiba na waliobomolewa vibanda mtaani Muoroto zilichezwa ndani ya matatu hadi polisi wakaanza kuwakamata wauzaji. Saba Saba ilipofika, 7 Julai 1990, siku ya mkutano wa kudai vyama vingi, neno Kamukunji lilikuwa limekwisha kuacha kuwa jina la uwanja tu. Leo kila Mkenya anajua kamukunji ni mkutano wa watu bila kibali cha mtu.

Mtu atasema: ituika ilikuwa ya wanaume wa kabila moja, na Githurai ni ya makabila yote, nusu yao wanawake. Ni kweli, wala sipendekezi mbuzi. Kuhusu wanawake, hata hivyo, historia inasema zaidi ya kwamba waliachwa nje. Mwaka 1992 mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na Wangari Maathai, walikaa Uhuru Park wakidai wana wao, na polisi walipowavamia tarehe 3 Machi baadhi yao walivua nguo mbele ya askari wa umri wa watoto wao. Ni silaha ileile ya Nyanjiru, miaka 70 baadaye. Walioachwa nje ya zamu ndio walioihifadhi lugha kali kuliko zote ya kizazi kwa kizazi. Kuhusu kabila, Waborana wanakabidhiana uongozi wa gada, mfumo wao wa vizazi, kila miaka 8, mpaka sasa. Utaratibu wa zamu haumilikiwi na mtu mmoja.

Pingamizi zito zaidi ni jingine, na lilitokea Githurai penyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kundi la Mungiki walitoza matatu na wenye nyumba kwa nguvu huku wakihubiri kurudi kwa mila, na mwaka 2002 waliutetea ugombea urais wa Uhuru Kenyatta kwa lugha ya zamu ya kizazi. Vizazi vikapigiwa debe na Moi aliyekuwa akimchagua mrithi wake mwenyewe. Ukitaka kuona jinsi neno zuri linavyoweza kukodishwa, usiende mbali. Lakini tazama kilichokosekana: hapakuwa na kizazi kilicholipa wala kilichoondoka. Ada ilitozwa makonda, haikutolewa na waliotaka kuingia. Kuwataja Mungiki dhidi ya ituika ni sawa na kumtaja mwizi wa kura dhidi ya kura.

Tukifika 2024, kodi tena. Mswada wa Fedha mwanzoni ulitaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16 na magari asilimia 2.5 kila mwaka, na vijana waliufanyia jambo ambalo baraza halikuwahi kulifanya: wakaufasiri kwa lugha za nyumbani na kuusambaza kwa simu, ili mama na babu wauelewe. Hayo yalikuwa mazungumzo ya vizazi kwa maana halisi, na mwalimu alikuwa mdogo. Tarehe 25 Juni wabunge waliupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106, Bunge likavamiwa, na usiku huo risasi zikasikika Githurai. Idadi ya waliokufa hapo inabishaniwa hadi leo. Kesho yake Rais Ruto alikataa kuutia saini. Wazee wengi walilaumu kwamba vijana hawa hawana kiongozi wa kuketi naye mezani. Ni lawama yenye uzito. Kiburi House palikuwa na meza. Lakini katika Kenya ambayo sensa ya 2019 iliwakuta watatu kati ya kila wanne wako chini ya miaka 35, anayepaswa kueleza kwa nini hakuna meza ni yule mwenye nyumba.

Tarehe 7 Julai mwaka huohuo, vijana ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa 1990 walikusanyika Uhuru Park kuwakumbuka wenzao waliouawa. Siku waliyoichagua ni ya kina Matiba, na uwanja ni wa mama wa 1992. Michango ya hospitali na mazishi ilikuwa imekusanywa kwa simu, shilingi mia, shilingi hamsini. Ukihesabu miaka 35 tangu ituika iliyozuiwa unapata uhuru; ukihesabu tena unapata kuondoka kwa Moi au karibu yake. Hesabu ya tatu inaangukia muongo ujao, na mbuzi wamekwisha kuanza kutolewa.