Goti lenye linaitwa Kinshasa: jina hilo lilifika namna gani katika katchi ya dunia?

Mashabiki wenye kufuata WWE wanajua tukio hili. Shinsuke Nakamura, mupiganaji wa Japani, anarudi nyuma mpaka kwenye kona ya ringi. Anatetemesha mwili, anachezesha mikono, anangoja mupinzani ajaribu kusimama. Kisha anakimbia na kumupiga goti la uso. Mutangazaji anapaaza sauti: “Kinshasa!” Mwamuzi anahesabu moja, mbili, tatu. Mechi imeisha.

Kwa mutu mwenye anaangalia kutoka Bukavu, Goma, Uvira ao Lubumbashi, kunabaki ulizo moja: goti la Mujapani, katika kampuni ya Wamarekani, linaitwa Kinshasa juu ya nini? Jibu linapitia Las Vegas, Kinshasa na Tokyo. Na ukilifuata vizuri, unaelewa pia juu ya nini mashabiki wa zamani wa katchi wanakasirika kila mara wanaposikia jina hilo likitajwa haraka-haraka.

Katchi inafanya kazi namna gani

Katchi haiko sawa na boksi ao judo. Mushindi anapangwa mbele ya mechi. Watoto wengi wanajifunza jambo hilo kwa uchungu, lakini mashabiki wazima wanalijua na wanaendelea kuangalia. Maanguko ni ya kweli, mifupa inavunjika kweli, na mutu wa kazi hiyo anazeeka na magoti mabovu.

Watu wa aina tatu njo wanabeba muchezo. Wa kwanza ni mupiganaji mwenyewe: mwili wake, sura yake, namna anaingia. Wa pili ni mupangaji, yule anaamua nani atapigana na nani, nani atashinda, na hadithi itaenda wapi. Wa tatu ni mutangazaji, mwenye anamuambia mutazamaji juu ya nini mambo anayoona yana maana. Kisha kuko wa ine, mwenye halipwi: watu wanaokaa kuzunguka ringi. Pasipo sauti yao, katchi ni wanaume wawili wanaoangushana katika nyumba yenye baridi.

Kinshasa yenyewe inajua muchezo huu tangu zamani. Katika makomini ya muji mukuu, wapiganaji wanapita kwanza kwenye barabara na muziki na mavazi ya ajabu, watoto wakiwafuata nyuma, mbele ya kupanda kwenye ringi. Wengine, kama Edingwe “Moto na Ngenge”, walijulikana juu ya katchi ya fetishi, kwenye mupinzani anaweza kuanguka pasipo kuguswa. Lakini goti la Nakamura halikutoka katika katchi hiyo. Lilitoka katika boksi.

Las Vegas, 1961: somo la mudomo

Mu Juni 1961, kijana wa miaka 19, Cassius Clay, alikuwa Las Vegas kwa mechi ya boksi. Huko alikutana na Gorgeous George, mupiganaji wa katchi mwenye nywele za rangi ya zahabu, kanzu za fahari na mutumishi wa kumunyunyizia marashi katika ringi. George alikuwa “mutu mubaya” wa kazi: alijisifu, alizarau watu, na watu walijaza viti kusudi wamuone akipigwa.

Clay, mwenye kisha akajiita Muhammad Ali, alieleza mara mingi kwamba alijifunza jambo moja kwa George. Watu wanalipa kwa kukupenda, na wanalipa pia kwa kukuchukia. Jambo mbaya ni moja tu, ni kunyamaza. Toka hapo Ali akazidi kutabiri raundi, kutukana kwa mashairi, na kugeuza kila mechi kuwa hadithi.

Kinshasa, 1974: watu wanachagua upande

Miaka 13 kisha, Ali alifika Zaire kupigana na George Foreman juu ya mukanda wa dunia. Mechi ilipaswa kufanyika mu Septemba, lakini Foreman akapasuka juu ya jicho katika mazoezi, na tarehe ikasukumwa mpaka tarehe 30 Oktoba 1974, katika Stade du 20 Mai, yenye leo inaitwa Stade Tata Raphaël. Majuma yale ya kungoja yalimusaidia Ali kuliko Foreman.

Pigano lile lilikuwa boksi ya kweli, hakuna aliyepanga mushindi. Lakini mbele ya pigano, Ali alifanya kazi yenye mupangaji wa katchi angefanya. Wote wawili walikuwa Wamarekani weusi, na Foreman njo alikuwa bingwa. Ali akajifanya mutoto wa nyumbani: akatembea na watu, akakimbia na watoto barabarani, akasema na kila mutu. Foreman alishuka katika ndege na mbwa wake wa kizungu, aina ileile yenye wazee walikumbuka mikononi mwa polisi wa Wabelgiji. Hakufikiri mabaya, lakini kazi ilikuwa imeisha. Muji ulikuwa umemupata mutu muzuri wake na mutu mubaya wake.

Njo pale kilio kikatoka: “Ali, boma ye!” Kwa musemaji wa Kiswahili neno hilo linaweza kudanganya, juu boma kwetu mashariki ni kizuizi ao makao ya mukubwa, na Boma tena ni muji wa Kongo-Kati. Lakini hiki ni Kilingala. Koboma ni kuua, na ye ni yeye. “Ali, muue!” Katika mudomo wa watu wa Kinshasa lilikuwa neno la muchezo: mumalize, usimuache asimame. Katika raundi ya 8, Ali alimumaliza.

Tokyo, 1976: neno linavuka bahari

Tarehe 26 Juni 1976, Ali alikuwa katika nyumba ya michezo ya Nippon Budokan, Tokyo. Mupinzani alikuwa Antonio Inoki, mupiganaji wa katchi mwenye alianzisha kampuni ya New Japan Pro-Wrestling mu 1972. Ilitangazwa kama pigano la boksi na katchi, nani ni mukubwa. Sheria zilimukatalia Inoki mambo mengi, basi akalala chini na kupiga miguu ya Ali mateke raundi kisha raundi, zote 15. Hakuna aliyeshinda. Watazamaji walikasirika, na Ali alienda na miguu imevimba mpaka akahitaji munganga.

Kama maonyesho, yalikuwa mabaya. Lakini urafiki ulibakia, na muziki pia. Filamu ya maisha ya Ali, The Greatest, ya 1977, ilikuwa na muziki wenye kilio cha Kinshasa ndani yake. Inasemwa kwamba Ali mwenyewe alimupatia Inoki muziki huo kama zawadi. Ukageuka Inoki Bom-Ba-Ye, na toka hapo kila mara Inoki alipoingia, maelfu ya Wajapani waliimba maneno ya Kilingala, wengi pasipo kujua yalitoka wapi. Kuanzia 2000, jina hilo likawekwa hata kwenye maonyesho makubwa ya mwisho wa mwaka huko Japani.

Nakamura: kutoka Boma Ye mpaka Kinshasa

Shinsuke Nakamura alianza katika kampuni ya Inoki mu 2002. Mu Desemba 2003, akiwa na miaka 23, akawa bingwa mudogo kuliko wote wa mukanda mukubwa wa IWGP. Miaka kazaa kisha alibadilika: akaacha kuwa kijana mugumu wa mazoezi, akawa musanii mwenye kuteleza kama muchezaji wa dansi. Goti lake la mwisho akaliita Boma Ye, kwa heshima ya Inoki.

Mukanda wa pili wa kampuni, ule wa Intercontinental, ulipanda bei mikononi mwake. Kwenye maonyesho ya tarehe 4 Januari 2014 katika Tokyo Dome, mashabiki walipiga kura, na mechi ya Nakamura na Hiroshi Tanahashi juu ya mukanda ule ikawekwa mwisho, juu ya mechi ya mukanda mukubwa wenyewe. Miaka miwili kisha, tarehe 4 Januari 2016, alimushinda AJ Styles palepale kwa Boma Ye. Hiyo ilikuwa karibu kwaheri, juu wote wawili walienda WWE mwaka uleule.

Katika WWE goti likapata jina lingine. Boma Ye ikawa Kinshasa, jina la muji kwenye kilio kilizaliwa. Kwa upande moja ni heshima kubwa. Hakuna mji mukuu mwingine wa Afrika wenye jina lake linapaazwa namna hiyo mbele ya watazamaji wa dunia yote. Kwa upande mwingine, hapa njo mazungumzo ya mashabiki wa zamani yanaanza.

Mambo matatu yenye mashabiki wa muda mrefu wanarudilia

La kwanza ni juu ya mupiganaji. Wengi wanakubali kwamba Nakamura wa Japani na Nakamura wa WWE ni mutu moja, lakini hawafanyi kazi moja. Japani alipigana kwa nguvu kali, mateke na magoti yalisikika mpaka viti vya juu. Kwenye WWE, kwenye wapiganaji wanasafiri na kupigana kila juma, alipunguza. Mashabiki wengine wanamulaumu. Wengine wanasema, na ni haki yao, kwamba mutu mwenye miili ya watu inapita mikononi mwake miaka zaidi ya 20 anaruhusiwa kulinda mwili wake. Mechi yake ya kwanza katika NXT, tarehe 1 Aprili 2016 huko Dallas, na Sami Zayn, inabaki ushuhuda kwamba alipopewa fasi, aliijaza.

La pili ni juu ya mupangaji, na hapa lawama ni kali. Mu Januari 2018 Nakamura alishinda Royal Rumble, mechi ya watu 30 yenye inamupa mushindi haki ya kupigania mukanda kwenye WrestleMania. Akachagua AJ Styles. Mashabiki wenye kukumbuka Tokyo waliona hadithi iko tayari, hakuna cha kuongeza. Lakini tarehe 8 Aprili 2018, New Orleans, Nakamura alishindwa, akapiga magoti kumupa Styles mukanda kwa heshima, kisha akamupiga chini ya mukaba. Akageuka mutu mubaya. Mabadiliko yenyewe yalikuwa mazuri, mushangao ulikuwa wa kweli. Kosa, kwa macho ya wengi, ni yale yalifuata. Katika miezi ile walipigania mukanda tena mara tatu, Jeddah, kisha Backlash, kisha Money in the Bank, na hakuuchukua hata mara moja. Goti lenye linapaswa kumaliza kila mutu halikumaliza hadithi yenye maana kuliko zote. Katika katchi pigo la mwisho ni sawa na pesa: ukilitumia kila juma na halinunui kitu, watu wanaacha kuliamini.

La tatu ni juu ya watangazaji. Kwa miaka mingi watangazaji wa WWE walifanya kazi na sauti ya mukubwa masikioni, ikiwaambia cha kusema. Hawana nafasi mingi ya kueleza. Hata hivyo, lawama inabakia. Goti linaitwa Kinshasa, mutangazaji analipaaza kwa nguvu, kisha anapita kwa tangazo lingine. Mutoto wa Texas ao wa Osaka anaweza kusikia jina hilo mara mia na kufikiri ni neno la Kijapani. Mutangazaji muzuri hahitaji dakika kumi. Sentensi moja inatosha: kilio cha watu wa Kinshasa kwa Ali, 1974. Pasipo sentensi hiyo, jina linabaki kelele tu. Nayo ikiwapo, goti linabeba stade nzima nyuma yake.

Kuko wenye kujibu kwamba hii ni michezo, si darasa la historia. Jibu hilo halitoshi, juu katchi inaishi kwa historia. Mutu analia kwenye mechi si juu ya goti, ni juu anajua nani anapiga, nani anapigwa na deni gani liko kati yao.

Kurudi Budokan

Inoki alikufa tarehe 1 Oktoba 2022. Miezi mitatu kisha, tarehe 1 Januari 2023, WWE ilimuachilia Nakamura kwa usiku moja kwenda Japani kupigana na Great Muta, mwenye alikuwa anajitayarisha kuacha kazi. Muta pia alikomaa katika kampuni ya Inoki. Mechi ilifanyika Nippon Budokan, nyumba ileile kwenye Inoki alilala chini mbele ya Ali mu 1976. Nakamura alishinda. Pigo la mwisho lilikuwa Kinshasa.

Usiku ule mupiganaji alikuwa katika hali yake, mpango ulikuwa na maana, na nyumba yenyewe ilieleza mengine. Mashabiki wa zamani wanautaja kama mufano wa namna jina hilo linapaswa kutumiwa.

Kwa kifupi

1961: Ali anajifunza kwa Gorgeous George, Las Vegas.
1974: “Ali, boma ye!” inazaliwa Kinshasa.
1976: Ali na Inoki, Tokyo, pasipo mushindi.
2016: Nakamura anaingia WWE, na Boma Ye inakuwa Kinshasa.
2018: Anashinda Royal Rumble, anakosa mukanda kwenye WrestleMania.
2023: Kinshasa inamaliza mechi ndani ya Budokan.

Katchi ilimufundisha Ali kusema, Ali akawafanya watu wa Kinshasa wapaaze sauti, na sauti yao ikarudi katika katchi. Hakuna kampuni yenye ilitunga kilio hicho. Kilitoka kwa watu, wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Mwenye ataangalia mechi ijayo na watoto nyumbani anaweza kuwaambia hivyo mbele mwamuzi hajafika tatu.