Rahisi Huvunja Upishi: Silaha Hafifu katika Historia ya Uganda



Wahenga walisema kwamba rahisi huvunja upishi. Maneno hayo yalitoka jikoni, lakini leo twayapeleka katika ghala la silaha. Katika maelezo yetu tutaangalia jinsi bunduki na bastola za bei ndogo, zisizo na uthabiti, zilivyoingia katika nchi yetu, na hasara iliyoziandama. Nia yetu si kumfundisha askari kazi yake. Nia yetu ni kuonyesha jambo ambalo historia imelirudia zaidi ya mara moja: silaha hafifu haimtoshelezi mwenyewe. Kwanza humponza, kisha humtuma kutafuta silaha iliyo bora kuliko ile, na silaha hiyo bora hutoka mara nyingi katika ghala la serikali.

Tuanze na karne ya 19. Mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara Mwarabu aliyetoka pwani, alifika katika baraza la Kabaka Suna II. Baada yake misafara ilileta nguo, shanga na bunduki, ikarudi na pembe za ndovu na watumwa. Nyingi kati ya bunduki hizo zilikuwa magobori, yaani zile za kushindiliwa kwa mdomo: baruti kwanza, kisha risasi, kisha kitambaa. Baadhi zilikuwa zimekwisha kuachwa na majeshi ya Ulaya. Nyingine zilifuliwa kwa bei ndogo huko Birmingham na Liège kwa ajili ya biashara ya Afrika. Baruti ikipata unyevu haikuwaka. Ikizidi kipimo, mtutu ulipasuka usoni mwa mpigaji.

Pamoja na udhaifu wake, bunduki ilileta wepesi wa kutoa roho ya mtu. Mwaka 1862 msafiri Mwingereza John Hanning Speke aliandika kwamba Kabaka Mutesa I alishindilia moja ya bunduki alizopewa zawadi, akamkabidhi kijana wa baraza, akamwagiza aende uani akampige mtu. Kijana alikwenda, akapiga, akarudi kwa furaha kutoa habari. Aliyekufa hakuwa na kosa lililotajwa. Silaha ilikuwa mpya, na maisha ya binadamu yakageuka kipimo cha kuijaribia.

Mataifa makubwa yalitambua hatari, lakini kwa namna yao. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika, bali uliacha mlango wazi kwa bunduki za gumegume zisizo na michirizi ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Maana yake ni kwamba silaha bora ilihifadhiwa kwa wenye dola, na ile hafifu ikaendelea kuwa bidhaa ya kumuuzia Mwafrika. Aliyeuziwa hakuchelewa kutambua tofauti. Kila mkuu na kila kundi la dini katika Buganda likatafuta bunduki mpya kwa njia yo yote iliyopatikana, na thamani ya bunduki moja ikapanda kuliko thamani ya amani.

Ushahidi upo hapa hapa Kampala. Mwezi Januari 1892, mjini Mengo, mtu mmoja wa chama cha Wakatoliki alinyang'anya bunduki ya mtu wa chama cha Waprotestanti. Katika ugomvi wa kuirudisha, Mprotestanti mmoja akauawa. Kabaka Mwanga aliamua kwamba mwuaji alijitetea, akamwachilia. Kapteni Lugard wa Kampuni ya Uingereza, aliyekuwa katika ngome yake juu ya kilima cha Kampala, hakuridhika na hukumu hiyo, akawagawia silaha Waprotestanti. Tarehe 24 Januari vita vikazuka. Mzinga wa bombomu aina ya Maxim ulisikika, kanisa la Rubaga likateketezwa kwa moto, na Mwanga akakimbilia kisiwa cha Bulingugwe. Hatusemi kwamba bunduki moja ndiyo iliyoleta uadui wote ule, kwani uadui wa dini na wa madaraka ulikuwapo. Lakini kuni zilikuwa zimekauka, na bunduki moja iliyonyang'anywa ndiyo iliyokuwa cheche.

Ndugu wasikilizaji, tuvuke sasa miaka themanini, twende Karamoja. Huko wafugaji walikuwa wamekaa muda mrefu na mikuki, hali jirani zao wa ng'ambo ya mpaka walikwisha kupata bunduki. Katika miaka ya 1970 baadhi ya mafundi wa Kikaramoja walianza kujitengenezea bunduki kwa mabomba ya chuma, yakiwamo yale yaliyotolewa katika samani. Silaha hizo, zilizoitwa amatida, zilipiga risasi moja kwa wakati mmoja, na mpigaji hakuweza kujua kwa hakika kama risasi ingetoka mbele au bomba lingepasuka mkononi mwake. Hata hivyo zilitengenezwa na zikatumika, kwa sababu mtu mwenye hofu hachagui.

Je, silaha hiyo ilimtosha mwenyewe? Haikumtosha hata kidogo. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, askari wa Idi Amin waliokuwa katika kambi ya Moroto walikimbia, wakaacha ghala la silaha bila mlinzi. Watu waliokuwa wakihangaika na mabomba wakaingia, wakachukua bunduki za kivita pamoja na risasi zake. Tangu siku hizo bunduki ikawa kitu cha kubadilishana kwa ng'ombe. Wizi wa mifugo uliokuwa ukifanywa kwa mikuki ukageuka mauaji ya vijiji vizima. Mwaka 1980 njaa kubwa iliikumba Karamoja. Ukame na magonjwa vilichangia, na bunduki hizo pia zilichangia, kwa kuwa zilifunga njia na kuwanyang'anya watu mifugo iliyokuwa akiba yao.

Serikali imelipa gharama ya ghala lile mara nyingi. Kazi ya kukusanya silaha ilianza mwezi Desemba mwaka 2001, ikarudiwa kwa nguvu mwaka 2006, na mwaka 2021 jeshi na polisi walianza tena operesheni iliyopewa jina la Usalama kwa Wote. Askari waliopoteza maisha katika kazi hiyo wengine walikuwa hawajazaliwa mwaka 1979. Walikufa kwa sababu ya mlango ambao wengine waliuacha wazi.

Labda msikilizaji atauliza: mambo haya yanamhusu nini mtu wa Kampala anayenong'onezwa kwamba kuna bastola ya kuuzwa kwa bei nafuu? Yanamhusu sana. Bastola ya kificho ni mjukuu wa gobori na wa bomba lile. Iliyofuliwa uani ina mtutu wa chuma laini, usiokusudiwa kustahimili nguvu ya risasi. Iliyotoka kiwandani lakini ikapita mikono kumi ina springi iliyolegea, ina magazini iliyopinda, na risasi zake zimelala ardhini zikapata unyevu. Itakwama siku ya shida, au italia yenyewe ikianguka sakafuni mbele ya watoto. Tena mnunuzi hajui bastola hiyo ilimwua nani kabla ya kumfikia, na polisi wakiikamata watamwuliza yeye.

Wala balaa hili si la nchi maskini peke yake. Huko Marekani, sheria ya mwaka 1968 ilizuia bastola za rahisi zisiingizwe kutoka nje. Wafanyabiashara wakaanza kuzitengeneza huko huko, hasa kusini mwa California. Mwaka 1994 mtoto mmoja alipigwa na bastola ya kampuni ya Bryco Arms ilipokuwa ikitolewa risasi ili kuepusha hatari, akapooza. Sababu ni kwamba bastola hiyo ilikuwa haiwezi kutolewa risasi mpaka kizuizi chake cha usalama kifunguliwe kwanza. Mwaka 2003 kampuni hiyo na mwenyewe walitakiwa kulipa kiasi cha dola milioni 24, na kampuni ikafilisika. Bastola ya bei ya chini kabisa ikawa ghali kuliko zote.

Ndugu askari, sheria yetu iko wazi. Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 yamkataza mtu kununua au kuwa na silaha bila cheti. Mapatano ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004 yanazitaka nchi zetu kutia alama kila silaha, ili ijulikane ilikotoka. Lakini sheria na alama ni maandishi tu, na maandishi hayalindi ghala. Anayelilinda ni yule askari wa zamu ya usiku, anayehesabu bunduki zinapotoka na kuzihesabu tena zinaporudi, na asiyekubali kusema kwamba risasi mbili tatu zimepotea, si kitu.

Kila risasi inayouzwa kwa siri hukutana na bastola hafifu inayoingojea, na bastola hiyo siku moja itaelekezwa kwa mwenzako aliye katika doria. Gobori la pwani lilikuja kwa pembe za ndovu, bomba la Karamoja likaja kwa hofu, na bunduki za Moroto zikaja kwa uzembe wa siku chache. Tunaendelea kulipa mpaka leo. Basi yatupasa tulinde kufuli ya ghala kama tunavyolinda mpaka wa nchi, na tumwambie raia anayetaka kununua usalama kwa bei ya gulioni kwamba usalama wa namna hiyo hauuzwi huko.