Kupiga Windows: Historia ya Kompyuta Kuukuu Mkoani Singida

Kupiga Windows ni jina ambalo mafundi wa kompyuta wa Singida, kama wenzao wa Dodoma na Dar es Salaam, wameipa kazi ya kuondoa mfumo endeshi wa zamani katika kompyuta na kuweka mwingine. Mfumo endeshi ndio programu ya msingi. Huamsha diski, skrini na kibodi, hugawa kumbukumbu kwa programu nyingine, na hulinda kompyuta isivamiwe. Chombo chenyewe kikitunzwa hudumu miaka 15 na zaidi, lakini mfumo hupewa na mtengenezaji wake umri wa takriban miaka 10, kisha huachwa bila viraka vya usalama. Kazi ya fundi imezaliwa katika pengo lililo kati ya umri wa chombo na umri wa mfumo.

Kiswahili sanifu kina neno linaloifaa kazi hii kuliko hilo la mafundi, nalo ni kuhuisha. Wataalamu wa TEHAMA wamelichukua kwa maana ya kuingiza toleo jipya, ingawa maana yake ya kwanza ni kutia uhai. Katika mkoa ambao kompyuta mpakato nyingi hufika zikiwa zimeshatumiwa na watu wengine, maana hizo mbili hukutana juu ya meza moja.

Kompyuta zilichelewa kufika Singida kwa sababu zilichelewa kuingia Tanzania yenyewe. Hazina ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, miaka miwili baada ya Singida kufanywa mkoa. Mradi wa kuingiza hesabu za serikali katika kompyuta haukwenda vizuri, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Zuio hilo lililegezwa taratibu katika miaka ya 1980 na 1990, pamoja na masharti mengine ya biashara. Kwa hiyo kizazi kizima cha makarani wa mikoani kilianza kazi na kustaafu na taipureta, kikikata stensili na kuhifadhi nakala za kaboni. Ofisi za mkoa na wilaya, hospitali za misheni na miradi ya wafadhili ndizo zilizotangulia kupata kompyuta. Wananchi walizifikia baadaye, hasa katika steshenari, yaani maduka ya kuchapa barua, kutoa fotokopi na kuuza karatasi, yaliyozunguka soko, stendi na ofisi za halmashauri.

Mfumo uliotawala steshenari hizo ulikuwa Windows XP. Microsoft iliutoa Oktoba 2001, na ulihitaji kumbukumbu ya megabaiti 64 tu ili uwake, ingawa 128 ndizo zilizopendekezwa. Kwa kipimo cha leo hicho ni kidogo mno, na ndiyo sababu uliweza kukaa katika kompyuta za mezani za mtumba zilizotoka katika ofisi za Ulaya na Marekani, zikapita soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, kisha zikapanda basi kwa safari ya kilomita takriban 700 hadi Singida. XP iliwekwa kwa CD moja. Fundi aliyekuwa na CD nzima isiyo na mikwaruzo, na karatasi iliyoandikwa namba ya leseni yenye herufi na tarakimu 25, alikuwa na mtaji wa kutosha kufungua kazi.

Mwaka 2007 ilikuja Windows Vista, na hapo ndipo ufundi ulipodhihirika. Vista ilihitaji angalau megabaiti 512, na hata zikiwepo ilikwenda kwa kusuasua. Kompyuta mpakato zilizouzwa zikiwa na Vista zilipelekwa kwa mafundi ili zirudishwe nyuma kwenye XP. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko inavyosikika. CD ya XP ilitengenezwa kabla ya diski za SATA kuenea, hivyo katikati ya uwekaji skrini iligeuka buluu na kazi ikasimama. Aliyejua dawa aliingia kwenye mipangilio ya BIOS, akabadili namna ya kuisoma diski kutoka AHCI kwenda IDE, akaanza upya. Baada ya hapo alianza kutafuta dreva, yaani programu ndogo za kuendesha vifaa, za sauti, za skrini na za Wi-Fi, ambazo watengenezaji wengine hawakuwa tena na haja ya kuziandikia XP. Maarifa hayo hayakuwa katika kitabu chochote cha shule. Yalipita kutoka kwa fundi hadi kwa kijana wake, na yanastahili kuhesabiwa miongoni mwa elimu halisi ya ufundi nchini.

Adui wa miaka hiyo alikuwa flashi. Windows XP iliruhusu faili ya kuanzisha iliyokuwemo katika flashi kuendeshwa flashi ilipochomekwa na kufunguliwa, na waandishi wa virusi waliijua tabia hiyo vizuri. Mwanafunzi alileta utafiti wake kuchapwa, akaondoka na kirusi kilichoficha mafolda yake yote na kuacha njia za mkato zisizofunguka. Kompyuta moja ya steshenari ilitosha kuambukiza shule nzima na ofisi ya kata. Kiraka cha Microsoft cha kuzuia tabia hiyo kilisambazwa kwa wote mapema mwaka 2011, lakini viraka hupita kwenye intaneti, na kompyuta nyingi za steshenari hazikuwa zimeunganishwa. Fundi alipochoka kusafisha alifomati diski na kupiga Windows upya. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa sababu kuu ya kubadili mfumo. Mteja alitaka ugonjwa uishe, na toleo jipya halikuwa hoja yake.

Nakala nyingi za Windows zilizowekwa hivyo hazikuwa halali, na jambo hilo lisemwe wazi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki. Hata hivyo leseni moja iligharimu karibu sawa na kompyuta ya mtumba yenyewe, au hata zaidi, na mwenye steshenari aliyepokea shilingi mia chache kwa ukurasa hakuwa na namna ya kuilipia. Gharama ilirudi kwa mlango mwingine. Vifaa vya kuvunja leseni mara nyingi vilibeba virusi ndani yake, na mwenye nakala isiyo halali aliogopa kuingiza viraka, asije akakamatwa na ukaguzi wa Microsoft na skrini yake kugeuka nyeusi. Mashine zikabaki wazi kwa miaka.

Njia ya halali na ya bure ilikuwepo. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46 katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Miezi miwili kabla yake ilikuwa imezaliwa Ubuntu, aina ya Linux ambayo hadi mwaka 2011 ilitumwa kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeomba. Mtu wa Kiomboi au Manyoni, mkoani humo, mwenye sanduku la posta angeweza kupokea CD yake bila kutumia intaneti yenye thamani ya senti moja zaidi ya ile ya kujaza fomu. Microsoft nayo ikatoa vifurushi vya Kiswahili vya Windows.

Programu hizo za Kiswahili na Linux hazikuenea, na sababu kubwa ni mazoea ya kazi. Fundi alijifunza menyu kwa Kiingereza na vyuo vilifundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo karani aliyeona “Hariri” mahali pa neno alilolizoea alihisi amepotea ndani ya lugha yake mwenyewe. Linux ilikutana na kikwazo kingine: hati ikitoka steshenari kwenda halmashauri ilipaswa kufunguka ikiwa na mpangilio uleule, na mara nyingi jedwali lilivurugika. Ilikuwa nafasi kubwa iliyopotea. Kama shule na ofisi za serikali zingeanza na programu hizo katika miaka hiyo, mkoa usingefika mahali ambapo tarehe inayopangwa Marekani huamua kompyuta ipi ya wilayani Ikungi inafaa na ipi haifai.

Tarehe ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa 8 Aprili 2014, Microsoft ilipoacha kuihudumia XP baada ya miaka karibu 13. Siku hiyo yenyewe hakuna kompyuta iliyozimika, na watu wengi hawakuona tofauti yoyote. Tofauti iliingia kupitia intaneti. Tayari mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulikuwa umetua Dar es Salaam, na mwaka huohuo ukaanza kujengwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kuunganisha mikoa. Modemu za kuchomeka zikaleta bando hadi mahali ambapo simu ya mezani haikuwahi kufika. Kivinjari kikawa na umuhimu kuliko programu ya kuchapia. Aprili 2016 kivinjari cha Chrome kiliacha kuhuishwa kwa XP na Vista, na tovuti zilipohamia usimbaji mpya wa usalama, mashine za XP zikaanza kukataliwa mlangoni.

Kilichowasukuma watu hasa kubadili mfumo ni mifumo ya serikali ya mtandaoni. Mwaka 2017 shule, zahanati na vituo vya afya viliingizwa katika FFARS, mfumo wa kuhasibu fedha zinazopelekwa moja kwa moja vituoni, na mipango ya halmashauri ikahamia kwenye mfumo wa mtandaoni uitwao PlanRep. Maombi ya mikopo ya elimu ya juu na ya ajira za serikali nayo yakawa ya mtandaoni. Mwalimu mkuu wa kijijini wilayani Mkalama ambaye kompyuta yake ilitosha kuchapa mitihani alilazimika sasa kuwa na kivinjari cha kisasa, na kivinjari cha kisasa kilidai mfumo wa kisasa. Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi duniani kupitia tundu la Windows ambalo kiraka chake kilikuwa kimeshatolewa miezi miwili kabla. Onyo halikuhitaji ufafanuzi.

Wengi wakahamia Windows 7, mfumo wa mwaka 2009 ulioridhika na gigabaiti moja ya kumbukumbu. Windows 10 ilipotoka 29 Julai 2015 ilitolewa bure kwa mwaka mmoja kwa wenye Windows 7 na 8.1 halali, lakini zawadi hiyo ilikuja na gharama yake. Ilijipakua kimyakimya kwa gigabaiti kadhaa, na mwenye modemu aliamka akakuta bando la mwezi limekwisha. Mafundi wakajifunza kuuambia mfumo kwamba mtandao ni wa kulipia kwa kipimo, ili upunguze kujipakulia. Nao wenyewe walipakua mara moja, wakaweka kwenye flashi, na flashi hiyo ikahudumia wateja wengi.

Kazi yenyewe ina utaratibu ambao fundi makini haukiuki. Kwanza ni mafaili. Huhamishiwa kwenye diski ya nje, au angalau kwenye gawio la D, kwa sababu gawio la C ndilo litakalofutwa. Kisha umeme. Kompyuta kuukuu mara nyingi betri yake imekufa na inaishi kwa chaja tu. Umeme ukikatika katikati ya uwekaji, mfumo wa zamani umeshaondoka na mpya haujakamilika. Ndiyo maana wengine huazima betri nzima ya mashine nyingine ya aina hiyohiyo kwa saa moja ya kazi. Halafu vumbi. Singida ni nchi ya upepo na ya kiangazi kirefu, mvua zake zikianza Novemba na kuisha Aprili, na feni iliyoziba huichemsha mashine hata mfumo mpya ukalaumiwa bure. Fundi hufungua, hupuliza, hubadilisha gundi ya kupitishia joto juu ya prosesa, ndipo huchomeka flashi.

Na diski. Windows 10 kwenye diski ya kuzunguka huifanya ifanye kazi kwa asilimia 100 huku mtumiaji akisubiri. Diski ya SSD, hata ndogo ya gigabaiti 120, huigeuza mashine ya mwaka 2012 kiasi kwamba mwenyewe hudhani amebadilishiwa. Ukiongezwa ubao mmoja wa RAM wa gigabaiti 4, kompyuta iliyokuwa ikielekea stoo hurudi ofisini. Hakuna matengenezo mengine yanayolipa hivyo kwa bei hiyo.

Windows 7 iliachwa 14 Januari 2020, na Chrome nayo ikaacha kuihudumia mwanzoni mwa 2023. Mgogoro mzito zaidi umekuja na Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021. Inadai gigabaiti 4 za kumbukumbu na 64 za diski, jambo linalowezekana, lakini inadai pia chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambayo kwa Intel ni ya kizazi cha 8 au zaidi, yaani kuanzia takriban mwishoni mwa 2017. SSD haiwezi kuongeza kizazi cha prosesa. Windows 10 iliacha kuhudumiwa 14 Oktoba 2025, ikiacha nyongeza ya mwaka mmoja ya viraka kwa watumiaji wa kawaida wanaojiandikisha. Mashine nzima, zenye kasi ya kutosha kwa kila kazi ya steshenari na ya shule, zikajikuta nje ya orodha.

Baadhi ya mafundi huweka Windows 11 kwa kuruka ukaguzi huo, jambo ambalo Microsoft haiungi mkono. Njia iliyo salama zaidi kwa mashine yenye gigabaiti 4 ni Linux, hasa aina zake za Mint au Debian, na kikwazo cha zamani cha hati kuvurugika kimepungua, kwa kuwa kazi nyingi za ofisi sasa hufanyika ndani ya kivinjari. Kompyuta za prosesa ya biti 32 zina nafasi finyu zaidi: Debian 12 ni miongoni mwa mifumo mikubwa ya mwisho kuzipokea, na Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kiwekeo cha biti 32. Hizo hubaki bila mtandao, zikichapa barua na mitihani. Ubao mama ukishakufa, skrini, kibodi, RAM na chaja huingia katika boksi lililo chini ya meza ya fundi, mahali anapotafuta kwanza anapoletewa mashine nyingine ya aina ileile.