Kunguru wa Pwani: Aliitwa Kuzoa Taka, Akabaki Kutuamsha

Ukikaa Dar, Tanga, Unguja au Mombasa, alamu ya simu ni mapambo tu. Jua halijachomoza vizuri, juu ya bati au kwenye mwembe wa jirani, kazi imeshaanza: kraa! kraa! kraa! Unavuta shuka, unajifunika mto kichwani, wapi. Mmoja akiita, wa kwenye nguzo ya umeme anaitikia, wa mnazini anadakia, na dakika mbili baadaye mtaa mzima umegeuka mnada. Ukitoka kwenda karoni, kipande cha sabuni ulichokiacha jana hakipo. Dagaa ulioanika, nusu wamekwenda. Mwizi yuko juu ya ukuta anakuangalia kichwa upande, kama vile wewe ndiye uliyemkosea.

Wengi tunamchukulia ndege huyu kama bahari na minazi: alikuwepo, yupo, atakuwepo. Wapi bwana. Kunguru mwenye shingo ya kijivu ni mgeni wa juzi tu. Asili yake ni Bara Hindi, na hapa kwetu hakupotea njia. Kuna watu walikaa ofisini, wakafikiri, wakaamua kumleta. Tena walimleta kwa nia njema kabisa.

MJI ULIOKUWA UNANUKIA KARAFUU, NA MENGINE

Rudi nyuma hadi Unguja ya karne ya 19. Mji Mkongwe ulikuwa mji mkubwa wa biashara: pembe za ndovu, karafuu, nguo, na pia watumwa. Majahazi yanaingia na pepo za kaskazi, watu wanamiminika kutoka Bara, Arabuni, India na Ulaya. Pesa ilikuwepo. Kilichokosekana ni mpango wa kueleweka wa kuzoa taka.

Taka za majumbani, mizoga na kila kisichotakiwa vilitupwa ufukweni vikisubiri maji kujaa. Msafiri mmoja maarufu kutoka Scotland, aliyepita hapo mwaka 1866 akijiandaa kwenda Bara, aliubandika mji jina la kejeli, akichanganya neno la Kiingereza la kunuka na jina la Zanzibar. Jina lile limebaki vitabuni hadi leo. Na mambo hayakuishia kwenye harufu. Kipindupindu kiliupiga mji ule zaidi ya mara moja, na cha mwaka 1869 na 1870 kiliua watu kwa maelfu.

Mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Waingereza. Wakubwa wa serikali mpya wakaanza kupanga: mapato, bandari, sheria, usafi. Kwenye usafi ndipo mmoja wao akapata wazo. Kule India kulikuwa na ndege anayeishi na watu, anayekula kila kitu, halafu halipwi mshahara. Ndani ya miaka hiyo ya 1890, kundi dogo la kunguru likapakiwa melini, likavuka bahari na kuachiwa Unguja. Mabwana afya wenye mabawa.

Kwa akili ya wakati ule, wazo halikuwa la kijinga. Kunguru alikula taka kweli. Shida ni kwamba hakuna aliyemwambia aishie kwenye taka.

KULE KWAO ALIKUWA NA MTU WA KUMBANA

Watu wa Bara Hindi wameishi na kunguru huyu kwa karne nyingi. Wanamlalamikia kelele kama sisi, lakini pia wanamheshimu. Katika mila za Wahindu kuna siku za kuwakumbuka wazee waliofariki, na kunguru hutengewa chakula kwa imani kwamba kupitia yeye sadaka inawafikia marehemu. Yaani ndege yuleyule tunayemrushia kandambili hapa, kule kuna siku anaandaliwa sahani.

Zaidi ya hapo, kule kwao kuna ndege anaitwa koeli, ndugu wa mbali wa dudumizi wetu. Koeli hajisumbui kujenga kiota. Anavizia kiota cha kunguru, anataga mayai yake humo na kumwachia kunguru kazi ya kulea. Kila kinda la koeli linalokuzwa na kunguru ni hasara kwa ukoo wa kunguru. Yule mkubwa wa Unguja aliagiza kunguru, koeli hakumwagiza.

Basi kunguru akafika mji wenye chakula bure, miti mirefu na hakuna wa kumbana. Akazaa. Haikupita hata miaka 30, wenye mji wakaanza kumtaja kama kero. Amemaliza za jaani, sasa yuko bandani kwa kuku anabeba vifaranga, yuko shambani, yuko jikoni dirishani. Serikali iliyomkaribisha ndiyo ikaanza kutafuta namna ya kumpunguza.

SAFARI YA KUHAMA BILA NAULI

Kunguru huyu ana tabia moja: anapenda meli. Anatua mlingotini, mabaharia wanamtupia mabaki, safari inaendelea. Ndiyo maana ukimtafuta leo unamkuta kwenye miji mingi ya bandari, kuanzia Aden na Port Sudan hadi Durban. Mwaka 1994 alionekana hata Hoek van Holland, bandari ya Uholanzi, kwenye baridi yote ile, na akazaliana huko mpaka serikali ilipoamua kumwondoa.

Huku kwetu alivuka hadi Bara. Mombasa alionekana kwa mara ya kwanza karibu na mwaka 1947. Baada ya hapo akafuata barabara na makazi ya watu, kaskazini hadi Malindi na zaidi, na upande wa Tanzania akajaa Dar es Salaam na miji mingine ya pwani. Porini hana shughuli. Anafuata watu, kwa sababu watu ndio wenye taka. Nenda Feri, nenda Darajani, nenda Kongowea, utamkuta kazini kabla wauza samaki hawajafungua mizani.

Alipofika akamkuta mwenyeji. Pwani ilikuwa na kunguru wake, yule mkubwa kidogo, mweusi mwenye kifua na shingo nyeupe kama kanzu iliyopigwa pasi. Mgeni ana mwili mdogo, ila anatembea na genge. Polepole mwenyeji akasukumwa nje ya miji ya pwani, na leo ukitaka kumwona kwa wingi inabidi uende Bara. Kijana aliyekulia Kariakoo anaweza kufika Dodoma akashangaa: kumbe kuna kunguru mwenye shati jeupe!

SAUTI ALIZOZIZIMA

Hapa ndipo hadithi inapouma. Kelele za kunguru tunazisikia. Tusichokisikia ni kile alichokinyamazisha.

Uani mwa pwani hapakuwa kimya kabla yake. Palikuwa na kurumbiza, ndege wa manjano mwenye sauti tamu juu ya mwembe. Palikuwa na shore anayeropoka tangu alfajiri, chozi wadogo wanaonyonya maua ya mgomba, mnana wanaogombana mchana kutwa huku wakisuka viota vyao mnazini, tetere na hua wanaolia taratibu wakati wa jua kali. Ndege hawa bado wapo, lakini katikati ya mji wamepungua sana. Kunguru anakula mayai, anakula makinda, na kiota kilichojengwa mahali pa wazi kwake ni kama mgahawa. Ndege mdogo akitaga mara mbili, tatu, na kila mara akiporwa, anahama au anaisha.

Sasa mtoto anayezaliwa leo mjini anakua akidhani asubuhi ya pwani ndiyo inavyosikika hivi. Hana cha kulinganisha. Bibi yake akisema zamani ndege walikuwa wanaimba, anaona ni yale maneno ya wazee ya kusifia zamani. Bibi hasifii zamani bure. Anakumbuka kitu kilichokuwepo.

Kuna wachache waliosalimika, hasa wale wa usiku, wakati kunguru amelala. Komba bado analia kwenye miembe ya Unguja kama mtoto mchanga aliyeachwa peke yake, mgeni wa mara ya kwanza anatamani kuita polisi. Huyu ndiye komba mwenye sifa ya kupanda mnazini kunywa tembo la wagema. Popo bado wanagombania kungu juu ya bati saa nane za usiku. Vyura bado wanafanya tamasha lao mvua ikinyesha. Dudumizi naye akitoa ile sauti yake ya maji yanayomiminika kutoka kwenye chupa, wazee wanaanua nguo, wanasema mvua hiyo. Hizi nazo ni kelele, zinakatiza usingizi vilevile. Lakini ni kelele za nyumbani, na waliokaa mbali na pwani miaka mingi wanazikumbuka kuliko hata chakula.

VITA ISIYOISHA

Binadamu hakukaa kimya. Unguja ilipambana naye kwa nguvu miaka ya 1990, kwa mitego na kwa sumu iitwayo Starlicide. Sumu hii inawekwa kwenye nyama, kunguru anakula, anaruka zake, anakufa baada ya saa kadhaa akiwa mbali, kwa hiyo wenzake hawaunganishi kifo na ile nyama. Na wangeiunganisha, maana hawa si wajinga. Huko Seattle, Marekani, watafiti waliwakamata kunguru wa kule wakiwa wamevaa vinyago, na miaka kadhaa baadaye kunguru bado walikuwa wanamzomea mtu yeyote aliyevaa kinyago kile. Kunguru wetu ni wa jamii hiyohiyo. Ukimrushia jiwe leo, usishangae kesho akikusindikiza hadi kituo cha daladala.

Idadi ya kunguru Unguja ilishuka sana. Kisha mradi ukaisha, fedha zikaisha, na kunguru wakarudi. Malindi na Watamu hadithi ilikuwa hiyohiyo: walipungua, juhudi zikalegea, wakajaa tena. Dar nayo ilifanya kampeni yake ya mitego na sumu miaka ya 2010. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya likatangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka, baada ya malalamiko ya wenye hoteli, wafugaji wa kuku na wapenzi wa ndege.

Wapo wanaouliza kama ni haki. Ndege hakuomba kuletwa. Alipewa kazi, akaifanya, na hadi leo anaifanya: mizoga ya panya, utumbo wa samaki, makombo ya mama lishe, vyote anavisafisha bila kugoma hata siku moja. Sasa tunamlipa kwa sumu? Wenzao wanajibu kwamba kila mwaka anaoachwa, kuna ndege wa asili anayepotea, na huyo naye hakuomba mgeni aletwe. Pande zote mbili zina hoja, na hakuna jibu tamu.

Lakini iangalie historia nzima kwa utulivu. Mwaka ule Unguja ilikuwa na tatizo la taka. Badala ya kuzoa taka, ikaagizwa ndege wa kuzila. Zaidi ya miaka 120 imepita, tunanunua sumu ya kumuua ndege, na taka bado ziko palepale, tena leo zimefungwa vizuri kwenye mfuko wa plastiki na kutupwa kwenye mtaro usiku wakati hakuna anayeona. Kunguru anazaliana kwa kadiri ya chakula anachokipata. Ukiua elfu moja ukaacha dampo wazi, umewapunguzia foleni waliobaki.

Kwa hiyo kesho alfajiri, kelele zikianza, kabla ya kutafuta kandambili ya kurusha, chungulia kwanza dirishani uone anagombania nini. Mara nyingi utakuta ni mfuko, na mara nyingine mfuko wenyewe unaufahamu. Funika ndoo, usiache makombo uani, wabane na wanaotupa mtaroni. Hawataondoka wote. Ila wakipungua kidogo, shore anapata nafasi ya kutaga, na asubuhi moja unaweza kuamshwa na sauti ambayo mtaa wenu haujaisikia siku nyingi.

Mtaani kwenu je, nani anaanza kupiga kelele asubuhi? Na bibi au babu anasema zamani alikuwa nani?