Wachache Mbele ya Baraza

Historia ya Kasese, hadi Bwera mpakani, hutufundisha kwamba usawa hudaiwa kwanza barazani. Mnamo Machi 1962 wajumbe wa Bakonjo na Baamba, akiwamo Isaya Mukirane, walitoka katika Rukurato, baraza la Toro, waliponyimwa kutambuliwa katika katiba ya ufalme kuwa sawa na Batoro. Viongozi wakakamatwa, mapambano ya Rwenzururu yakadumu hadi 1982.

Leo Bakonjo ndio wengi Kasese, lakini swali halikufa. Mwaka 2014 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria iliyoadhibu mapenzi ya jinsia moja, kwa kuwa Bunge liliipitisha bila akidi. Mwaka 2023 Bunge likatunga nyingine. Twaona aliyewahi kuwa mchache barazani ana sababu ya kumsikiliza mchache wa leo.